Chachu ya Mtaa wa Tanurini

Wamesimulia waliotutangulia, nao walipokea kwa mama zao, ya kwamba katika mji mmoja wa visiwa vya kaskazini, ambao leo haukusaliwa na kitu ila kuta za msikiti na kisima, palikuwa na mtaa ukiitwa Tanurini. Uliitwa hivyo kwa sababu ya tanuri la udongo lililosimama katikati ya uwanja wake. Lilijengwa na mja mmoja mwema, akaliweka wakfu kwa watu wa mtaa, kisha akafariki bila ya kuandika jina lake mahali popote. Mwenyezi Mungu analijua.

Watu wa Tanurini walikuwa wauzaji. Huyu aliuza samaki wa kukaanga, yule mafuta ya nazi, yule mikeka, na mwingine halua. Biashara zao zilisukwa pamoja kama ukindu: aliyekuja kununua samaki alihitaji mkate wa kulia, na aliyekuja kwa mkate hakuondoka bila ya kupita kwa muuza samaki. Tena walikuwa na ada yao. Mgeni akihamia mtaani, naye akataka kufanya kazi ambayo tayari inafanywa na mwenyeji, humwendea mwenyeji huyo akamwomba mbegu ya kazi. Msusi wa mikeka humpa fungu la ukindu na kumwonyesha mwanzo wa ukili, ule msuko unaoshonwa ukawa mkeka. Muuza mafuta humkopesha mbuzi yake ya kukunia nazi mpaka apate yake. Mwoka mkate humpa chachu.

Muombaji huja baada ya swala ya adhuhuri, bakuli mkononi, halikufunikwa, akakata uwanja watu wote wakimwona. Na mtoaji humwambia mbele ya jirani waliosimama milangoni mwao, "Pokea, ni haki yako; nawe ukiombwa, toa." Jirani huitikia, "Mungu atie baraka." Yakishapita hayo, hapana tena wa kusema kwamba huyu amemwibia yule kazi.

Mwoka mkate wa mtaa huo alikuwa Mwana Jaha binti Shebwana, mjane aliyepindukia miaka hamsini, mtu wa swala na wa maneno machache. Mikate yake ilikuwa ya mofa, ya unga wa mtama, ile inayobandikwa kwenye kuta za tanuri mpaka iive na kutoa harufu ya kumwamsha aliyelala. Chachu yake aliirithi kwa mamake, na mamake kwa mamake, na hapana aliyejua nani aliyeianza. Kila siku alichota sehemu akaumulia unga, na kila siku aliirudishia unga mpya na maji ya vuguvugu ili isife. Kwa kazi hiyo alijilisha yeye na alimlisha mamake, Mwana Tumu, ajuza aliyepofuka miaka mingi iliyopita, lakini pua yake na masikio yake yalikuwa mazima kuliko ya msichana. Hawakuwa na mtu mwingine. Siku ambayo mkate haukutoka, jikoni hamkuingia kitu.

Mwaka mmoja, katika mwezi wa Mfunguo Pili, wa pili baada ya Ramadhani, akahamia Tanurini mwanamke aitwaye Mize, kutoka mashamba ya bara, pamoja na mumewe, Kombo. Kombo alikuwa ameanguka mnazini akavunjika nyonga, na kazi iliyombakia ilikuwa kukaa barazani akisokota kamba za makumbi. Mize alikuwa binti wa mwoka mkate. Siku ya tatu tangu kufika kwao, watu walipotoka kuswali adhuhuri, alikata uwanja na bakuli lake wazi mkononi, akasimama mlangoni kwa Mwana Jaha.

"Hodi, mama."

"Karibu, mwanangu."

"Nimekuja kuomba mbegu ya kazi."

Mwana Jaha hakuwahi kuombwa. Tangu siku za mamake hakuja mtu mwingine Tanurini mwenye kuoka mofa, na ile ada aliijua kwa kuwaona wenzake wakiitimiza. Akaitazama mikono ya yule mwanamke, mipana, iliyozoea kukanda. Mji huu una matumbo mangapi, akawaza. Tukigawana mimi na yeye, mama atakula nini? Akaona haya kwa kuwaza hivyo. Kisha akawaza vile vile tena.

"Lete bakuli," akasema, akaingia ndani.

Jikoni mlikuwa na vyungu viwili. Kimoja kilikuwa juu ya rafu, na ndani yake chachu hai, imefura, inatoa mapovu. Cha pili kilikuwa sakafuni, pembeni, na ndani yake mabaki aliyoyasahau siku nyingi, yameingia weusi, maji yamesimama juu, harufu yake ya kuchoma pua. Alikuwa amekusudia kuyamwaga siku hiyo hiyo. Mwana Jaha akasimama baina ya vyungu viwili, bakuli la watu mkononi. Hakusimama sana. Akainama, akamwaga yale maji ya juu, akachota katika chungu cha sakafuni, kisha akanyunyiza unga mweupe juu yake ipate kupendeza.

Alipotoka, jirani walikuwa wamekwisha simama milangoni. Bi. Heri, muuza samaki, mwanamke mwenye ulimi mwepesi na moyo mwepesi kuliko ulimi, alikuwa ameacha kikaango chake motoni ili asikose kushuhudia.

"Pokea, ni haki yako," akasema Mwana Jaha, na sauti haikumtetemeka. "Nawe ukiombwa, toa."

"Mungu atie baraka!" wakaitikia.

Mize alilipokea bakuli kwa mikono miwili. Akaliinamia kidogo, kama mtu anayetoa shukrani, akakaa hivyo kwa kitambo. Kisha akainua uso, akasema, "Mwenyezi Mungu akulipe kheri, mama," akaenda zake.

Mwana Jaha aliporudi ndani, mamake alimwita kutoka kitandani.

"Jaha."

"Lebeka, mama."

"Umempa ipi?"

"Nimempa chachu, mama."

Ajuza akageukia ukutani. Hakuuliza tena siku ile, wala siku zilizofuata. Na jibu lile halikuwa uongo, na kwa kuwa halikuwa uongo, Mwana Jaha hakujua namna ya kulitubia.

Basi Mize akaanza kuoka. Tanuri lilikuwa la wakfu, na desturi ilikuwa Mwana Jaha aoke kwanza, kisha Mize aoke baada yake. Mikate ya Mize ilitoka bapa, migumu, yenye uchungu. Siku ya kwanza Bi. Heri aliushika mmoja, akaugonga kwa ukucha, ukalia.

"Mize, mwanangu, huu ni wa kula au wa kuezekea?"

"Wa kula, Bi. Heri, kwa mwenye meno na subira."

"Meno ninayo matatu, na subira Mungu hakunijaalia. Niwekee nikaukokee moto wa kukaangia."

Watu wakacheka, na Mize akacheka nao. Lakini hakuuza hata mmoja. Kila aliyekuja, Mize alimwambia, "Leo haukuumuka. Nenda kwa Mwana Jaha, kwake ndiko kwenye mkate." Ile yake aliivunjavunja, akailoweka kwenye mchuzi wakala yeye na mumewe. Siku nyingine ilikuwa haiwezekani kula, akawapa kuku wa jirani. Na kila alfajiri, baada ya kuswali, alikaa mbele ya chungu chake, akaitoa nusu ya ile chachu, akairudishia unga aliouchekecha mara tatu na maji aliyoyapima joto kwa kifundo cha mkono, kama mama anayepima maji ya kumwogeshea mtoto. Akafunika, akangoja. Siku ya kesho yake akafanya vile vile.

Mwana Jaha aliyaona hayo yote, kwa kuwa uwanja ulikuwa mmoja. Aliwaona wanunuzi wakimjia huku wakisema, "Ametutuma Mize." Wa kwanza aliponena hivyo, Mwana Jaha alihesabu ni bahati. Wa kumi aliponena hivyo, mkono wake ulikuwa mzito kumpokea.

Siku ya kumi na saba chachu ya Mize ikaamka. Wako wanaosema ni siku ya ishirini, lakini kumi na saba ndiyo tuliyoipokea. Ilipanda mpaka ikasukuma kawa iliyofunikia chungu. Mikate yake ikatoka laini, yenye vitundu, na ndani yake uchachu mdogo mtamu ambao watu wa mji ule hawakupata kuuonja. Kuanzia siku ile wanunuzi wakagawanyika. Baada ya mwezi hawakugawanyika sawa: wengi walikwenda kwa Mize, na Mwana Jaha alianza kurudi nyumbani na mikate kwenye ungo.

Hilo angelistahimili. Lililomwelemea ni sifa. Kwani kila aliyeusifu mkate wa Mize alimsifu na yeye. "Mbegu ya Mwana Jaha hiyo," walisema, "mtu aliyempa mgeni riziki kwa mkono wake." Khatibu wa msikiti, Shee Athmani, alimtaja katika darsa yake, akawaambia watu, "Mkitaka kujua ukarimu wa jirani, msiende mbali, mwangalieni mwoka mkate wenu." Wanawake waliokuwa nyuma ya pazia wakamgeukia, wakambusu mkono. Usiku ule Mwana Tumu alimsikia bintiye akiswali rakaa nyingi kuliko desturi yake.

Ukaingia Mfunguo Sita, mwezi wa Maulidi. Katika mji ule Maulidi yalisomwa msikitini, na wageni walikuja kutoka visiwa jirani, na mikate ya kuwakirimu ilitoka Tanurini. Mwoka mkongwe ndiye aliyetangulia: mkate wake ndio uliowekwa mbele ya wageni kabla ya kingine chochote. Heshima hiyo ilikuwa ya nyumba ya Mwana Jaha tangu zama za bibi yake. Mwaka huo aliitaka kuliko miaka yote. Alisema moyoni mwake kwamba siku hiyo watu watakumbuka nani ni nani.

Maulidi yalipokaribia mvua ilinyesha mfululizo, hewa ikapoa, na chachu yake ikazubaa. Zikisalia siku tatu, alfajiri alitoka nayo yote, chungu kizima, hakuacha hata kiasi cha kijiko nyumbani, akaenda nayo tanurini aipatie joto lililosalia kwenye udongo, ili awahi kukanda kabla Mize hajatoka. Sasa, waokaji wana ada nyingine baina yao. Anayeoka mwisho, akiacha makaa chini ya majivu, huweka kigae mdomoni mwa tanuri, ili anayekuja ajue kwamba moto ungali hai. Jana yake Mize alioka alasiri kwa ajili ya nyumba yenye mgonjwa, akaacha makaa, akaweka kigae. Mwana Jaha alikiona. Mkono wake ulikisogeza kama mtu anavyosogeza jani njiani, fikira zake ziko kwenye kutangulia. Akatua chungu juu ya majivu, akafunika, akaenda kuswali. Alipomaliza akakaa kwenye mswala akasoma nyiradi zake mpaka jua likachomoza.

Aliporudi, chungu hakikushikika. Akakifunua kwa ncha ya kanga. Chachu ilikuwa imeiva. Ilikuwa imeshikana ukoko pembeni, na katikati imekuwa kama uji uliolala. Chachu ya mamake, na ya mamake mamake, haikuwa na uhai tena.

Bi. Heri alikuwa anapita na ungo wa samaki, akasimama akachungulia. Akapiga yowe.

"Jana kaoka nani mwisho? Si Mize? Yarabi, mwanamke huyu! Umpe kazi, kisha akuachie moto akuunguzie yako? Twende, Mwana Jaha. Twende mlangoni kwake sasa hivi, watu wote wasikie."

Milango miwili mitatu ilifunguliwa. Na hapo Mwana Jaha alijua kwamba hahitaji kusema uongo wowote. Alihitaji kunyamaza tu. Angenyamaza, na mtaa mzima ungemaliza kazi kwa niaba yake, na Mize asingeoka tena Tanurini, na wote wangemwonea huruma yeye.

"Hapana, Bi. Heri," akasema. "Kigae kilikuwapo."

"Unamfichia kwa wema wako."

"Simfichii. Kile pale chini. Nimekisogeza kwa mkono huu."

Bi. Heri akakitazama kigae, akamtazama yeye. Akatoa samaki wawili kwenye ungo, akamwekea juu ya ukingo wa tanuri, akaenda zake taratibu.

Mwana Jaha akarudi nyumbani, akaketi chini karibu na kitanda cha mamake, akamweleza. Chachu mpya, ukiianza kwa unga na maji, hutaka siku kumi kwenda juu, na Maulidi yalikuwa baada ya siku tatu. Wala si Maulidi peke yake: siku kumi bila ya mkate ni siku kumi bila ya chakula. Na katika mji mzima chachu iliyo hai ilikuwa moja.

"Basi nenda kaombe," akasema Mwana Tumu.

"Nitakwenda, mama. Nilifikiri nipite mlango wa nyuma. Watu wengi, na mimi ni mtu mzima."

"Yeye alikuja kwa mlango gani?"

Mwana Jaha akageuza uso kuelekea mlango wa uwanjani.

"Utakwenda baada ya adhuhuri," akasema ajuza, "na bakuli wazi. Na ukifika, mwombe ile ile uliyompa."

Mwana Jaha akainua kichwa. "Mama, ulijua?"

"Mimi sina macho, Jaha. Pua ninayo."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilikuuliza. Ukanijibu. Nikangoja unijibu tena."

Inasemwa kwamba Mwana Jaha aliulaza uso wake kwenye mikono ya mamake mpaka adhana ya adhuhuri.

Watu walipotoka kuswali, alitwaa bakuli lake, akatoka. Uwanja ule aliuvuka kila siku ya maisha yake, na siku hiyo ulikuwa mrefu. Jirani walimwona, wakatoka milangoni, kwani habari ya chungu ilikwisha enea. Kombo alikuwa barazani na kamba zake. Alipomwona na bakuli wazi mkononi, akaacha kusokota, akajikongoja akasimama kwa gongo lake, kwa kuwa mtu mwenye heshima hapokewi kwa kukaa.

"Mize," akaita, "toka, mamako amekuja."

Mize akatoka, unga umemganda mpaka kwenye viwiko.

"Nimekuja kuomba mbegu ya kazi," akasema Mwana Jaha.

"Kuomba, mama? Hii ni yako. Wewe ndiye uliyenipa." Mize akawageukia jirani. "Nyote mlikuwapo. Mwanamke huyu alinipa uhai mimi na mume wangu."

"Kweli, kweli," wakaitikia. "Mungu amlipe."

Hapa ndipo penye mtihani wa kisa hiki. Chachu ilikuwa inakuja. Sifa ilikuwa imekwisha tolewa. Hapana aliyemdai chochote, na hapana ajuaye ila ajuza mmoja kipofu asiyesema. Mwana Jaha akaliweka bakuli lake chini, juu ya kizingiti.

"Sikumpa uhai," akasema. "Nisikizeni, jirani zangu, kwa kuwa mlishuhudia jambo ambalo silo. Nyumbani nilikuwa na vyungu viwili. Nilimpa kutoka chungu cha kumwaga. Niliyamwaga maji yaliyooza nikanyunyiza unga juu yake, ili asijue wala nyinyi msijue. Niliogopa riziki, na mimi nikijidai kumwamini Mwenye kuruzuku. Mikate ile mliyoicheka ilikuwa yangu. Hii mnayoila sasa ni yake. Mize, sikuja kuomba yangu. Sina yangu kwako. Nimekuja kuomba yako, na ukininyima, umetenda haki."

Yakasikika mafuta ya Bi. Heri yakitatarika kwenye kikaango.

Mize akasema kwa sauti ndogo, "Nilijua, mama."

"Ulijua lini?"

"Nilipoinamia bakuli. Nimezaliwa jikoni kwa mwoka mkate."

"Nawe ukaniombea kheri?"

"Ulikuwa umenitazama mikono," akasema Mize. "Nikaona hofu ya kukosa riziki kwenye uso wako, na hofu ile naijua, ndiyo iliyotutoa mashamba tukaja huku. Nikasema: huyu si mbaya, huyu anaogopa. Nikikwambia, utaona haya, utanipa nyingine nzuri, na haya hiyo itakaa baina ya mlango wako na wangu mpaka tufe. Chachu iliyolala mimi naweza kuiamsha, nilimwona mamangu akifanya hivyo. Ilitaka siku tu. Nikaona bora niuponye unga, kuliko kuja kuiponya haya."

"Na sisi tuliokucheka?" akauliza Bi. Heri kutoka mlangoni kwake, na machozi yalikuwa yamemlengalenga. "Mwanamke wewe, uliniacha nigonge mikate yako kama mlango, na hukusema neno!"

"Bi. Heri, ulikuwa unanifurahisha. Siku zile hapakuwa na kingine cha kuchekea."

Wakacheka watu, na baadhi yao walikuwa wanalia. Mwana Jaha alikuwa angali amesimama.

"Niwie radhi, Mize."

"Nimekuwia radhi tangu siku ile, mama. Nawe niwie radhi, kwani kuna asubuhi nyingine niliifunua ile chachu nikasema maneno."

"Maneno gani?"

"Maneno ya jikoni," akasema Mize, na Kombo akainamisha kichwa asionekane anacheka.

Kisha Mize akaingia ndani. Lakini hakuchukua bakuli. Alitoka na chungu chenyewe, kizima, akakitua kizingitini, akakifunua mbele ya watu wote, akampa Mwana Jaha upawa.

"Chota mwenyewe," akasema. "Pokea, ni haki yako, nawe ukiombwa, toa."

Jirani wakasogea karibu. Kisha wakaitikia kwa pamoja, "Mungu atie baraka," na sauti yao ikamfikia Mwana Tumu kitandani kwake.

Bintiye alipoingia, ajuza alinyoosha mikono. Akapewa bakuli. Akaliinamia, akavuta pumzi mara moja, akatulia.

"Alhamdulillahi," akasema. "Sasa umenijibu."

Siku ya Maulidi mikate ya wageni iliokwa na wanawake wawili kwenye tanuri moja, huyu anabandika, huyu anabandua, na ikapangwa kwenye sinia moja. Shee Athmani, aliyekwisha sikia yote, akauliza upi ni wa Mwana Jaha uwekwe mbele kama ilivyo desturi. Bi. Heri akamjibu kutoka nyuma ya pazia, "Shekhe wangu, wewe kula. Hata wenyewe hawajui." Na Shee Athmani akala, na darsa iliyofuata alimtaja tena Mwana Jaha, safari hii kwa jambo alilolitenda kweli, naye Mwana Jaha hakuinamisha kichwa.

Tangu hapo ada ya Tanurini ilibadilika kidogo. Mtoaji hakuingia tena ndani na bakuli la mwenziwe. Alikitoa chungu nje, akakifunua, akampa muombaji upawa achote mwenyewe, popote apendapo. Mtaa umekwisha, na tanuri limekwisha, lakini wajukuu wa wanawake wale walitawanyika katika miji ya pwani, na ziko nyumba mpaka leo ambazo jirani akija kuomba unga, au chumvi, au kiasi cha mafuta, huletewa chombo chenyewe.

Basi wawili hawa Mwenyezi Mungu awarehemu. Mmoja alipewa kibaya akakilea kwa subira mpaka kikawa chema, wala hakumvunjia mwenziwe sitara. Mwingine alisema kweli saa ambayo kweli ilikuwa haitakiwi na mtu yeyote ila Mola wake na mamake. Nasi tunaoishi mlango kwa mlango, tunaouziana na kuombana kila siku, tuombe kwamba siku jirani atakapotujia na bakuli lililo wazi, tusiinamie chungu cha sakafuni.